Kiti Kilichogeukia Ukuta

Basi la kutoka hospitalini nilikofanya kazi lilipita mbele ya nyumba yake, na abiria wa ghorofa ya juu aliweza kuona sebule yake yote kupitia dirishani. Kitu kikubwa mle ndani kilikuwa kiti cha kinyozi, chekundu, chenye mto wa kichwa, ambacho mumewe alikipata duka moja la kunyoa lilipofungwa. Kiti kikitazama dirisha, yuko kazini. Kiti kikitazama ukuta, hafanyi kazi. Hakuweka kibao wala tangazo. Wanawake wa Tooting, kusini mwa London, wa miaka ile, wengi wao Wahindi waliowasili kutoka Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, pamoja na sisi Wazanzibari wachache, tulikitupia jicho kiti tukipita, tukajua kama twende au tungoje siku tatu.

Tulijua pia kwa nini, na hapo ndipo palipokuwa na aibu.

Tulimwita Mama wa Nyusi. Jina lake halisi sitalitaja, kwa kuwa wajukuu wake bado wanaishi mtaa ule. Kazi yake ilikuwa kutinda nyusi kwa uzi: ncha moja ameing'ata menoni, nyingine iko vidoleni, uzi unajisokota katikati na kung'oa nywele kwa mlio mdogo kama wa mdudu ndani ya kiberiti. Alikuwa Mhindu wa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mjini, cha "hebu" na "ati" na "usinambie". Alinizidi miaka mitano hivi, lakini aliniita mwanangu, nami nilimwita Mama kama walivyomwita wote.

Mwanamke wa makamo hakuwahi kuingia kwake akasema ameota ndevu. Alisema, "Nyusi tu, Mama." Mama wa Nyusi alizitinda nyusi, halafu, bila kubadili sauti, akagusa kidevu kwa ncha ya kidole na kuuliza, "Na huku?" Mteja alifumba macho, na hilo likawa jibu. Hapo Mama alihamia upande wa dirisha ili mgongo wake uwe pazia, basi likipita asionekane mtu anatolewa nini. Neno kidevu sikulisikia likitamkwa katika sebule ile miaka yote niliyoijua. Kidevu chake mwenyewe kilikuwa laini daima. Niliwahi kumuuliza nani humtinda yeye.

"Kioo," akasema. "Na hakisemi kwa watu."

Kuhusu ngozi alikuwa na amri chache, na alizitoa kama mtu anayewaambia watoto wavue viatu mlangoni. Usioshe uso kwa sabuni ya kipande. Usioge maji ya moto sana, maana maji ya London yana chokaa na yanakausha. Jipake mafuta mwili ukingali na majimaji. Usiku glisarini na maji ya waridi. Mara moja kwa wiki unga wa dengu na mtindi, nawe upake tu, usisugue. Aliyekaribia miaka hamsini alipewa amri za ziada: nguo ya ndani iwe ya pamba, kucha ziwe fupi kwa sababu ya mwasho, na kofia kichwani hata jua likiwa hafifu.

"Jua la hapa mwaliamini kwa kuwa halichomi," alisema. "Haya, tazameni madoa."

Alikuwa mkali zaidi juu ya damu. Mwanamke akimnong'oneza kwamba siku zake zimekuwa nyingi na nzito, alimwondoa kitini. "Damu ya kuloanisha godoro, hiyo si umri. Nenda kwa daktari leo. Akikwambia ni umri, mwambie akutazame kwanza." Nilikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya wanawake, na zaidi ya mara moja niliita jina nikaona anayeinuka ni mteja wake, kaja kwa amri yake. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona kwenye benchi lile.

Mambo yake hayakupatana sikuzote. Mteja aliyekuja na krimu ya kung'arisha ngozi alinyang'anywa, na krimu ikaingia kwenye pipa mbele ya macho yake. "Wataka uso wa nani? Wako una kosa gani?" Lakini siku moja, akitafuta uzi mfukoni mwa sweta, ulidondoka mrija wa krimu ile ile, umekamuliwa hadi nusu. Mashavuni alikuwa ameanza kupata mabaka ya kahawia, kama chai iliyomwagika. Aliukanyaga mrija kwa kandambili, akausukuma taratibu chini ya kiti, akaendelea kutafuta uzi. Mimi nikatazama nje mpaka alipoupata.

Halafu kulikuwa na joto. Lilimpanda kuanzia kifuani, unaliona likikwea shingoni mpaka masikioni, na jasho likamdondokea mteja kwenye paji la uso. Mikono yake haikusita. Alisema kwa meno yaliyobana uzi, "Hita imezidi." Na mteja, awe nani, alijibu, "Ndiyo Mama, hita imezidi." Hita ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Sote tulikuwa tumevaa makoti.

Nyumba ile ya vyumba vinne ilikuwa na watu kumi na mmoja, na mkubwa wao alikuwa mama mkwe wake, waliyemwita Ba. Kwa desturi aliyoishika Ba, mwanamke akiwa mwezini hukaa pembeni siku tatu. Hapiki, hagusi mitungi ya achari isije ikaharibika, hasogelei mahali pa ibada. Analala kwenye mkeka wake, sahani yake inaachwa mlangoni. Hachani nywele, hapaki mafuta, hajitazami kiooni mpaka asubuhi ya nne atakapooga na kuosha kichwa. Nyumba nyingi za Wahindi wa Tooting zilikuwa zimeiacha desturi hiyo uwanja wa ndege. Ba aliipitisha ikiwa nzima. Kwa hiyo kila mwezi Mama wa Nyusi aligeuza kiti, akapanda chumba kidogo cha nyuma, na barabara nzima ikajua habari ya mwili wake.

Siku hizo kazi yote ya jiko ilimwangukia mke wa mdogo wa mumewe. Kwa Kigujarati mke wa namna hiyo huitwa derani, nasi tukalifanya jina lake. Derani alikuwa wa Kampala, mwembamba, aliyefanya zamu ya jioni katika kiwanda cha biskuti, na Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata. Yeye alipokaa pembeni kwa zamu yake alikaa siku moja na nusu, kisha Ba akakumbuka kwamba kiwanda hakijui mambo ya pembeni, na mtu anayeweza kwenda kiwandani anaweza pia kukanda unga. Mama wa Nyusi hakumtetea. Zaidi ya hapo, alikuwa na tabia moja ambayo hata sisi wateja tuliisikia tukipita: akiwa kule juu kwenye mkeka, sahani ikimfikia, aligonga sakafu kwa bangili na kuita, "Chumvi!" Hakuruhusiwa kugusa kopo, kwa hiyo Derani aliacha sufuria, akapanda ngazi, akamnyunyizia, akashuka.

"Mkono wake mwepesi," Mama wa Nyusi aliniambia. "Chakula chake kama cha hospitali yenu."

Mwaka wa kwanza au wa pili wa kujuana kwetu aliniona nimekataa chai yake wakati Ramadhani imekwisha.

"Unafunga nini tena? Si mmeshakula Idi?"

"Nalipa siku, Mama."

"Siku gani?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba mwanamke akiwa mwezini hafungi, na siku alizokula huzilipa baadaye, siku kwa siku.

Alicheka mpaka uzi ukamtoka. "Kwa hiyo sisi tunafungiwa chumbani, ninyi mnadaiwa!" Halafu akauliza, kwa makini sasa: "Na mtu asipoweza kulipa mapema? Akichelewa?"

"Atalipa tu akiweza. Deni halifi."

"Hata miaka?"

"Hata miaka."

Akaung'ata uzi, akanirudisha kichwa kwenye mto.

Siku zake zilipoanza kuyumba, kiti kiliyumba nazo. Kiligeuka mara mbili katika mwezi mmoja, kisha hakikugeuka miezi miwili, kisha kikageuzwa katikati ya kazi, mteja ametindwa upande mmoja tu. Wanawake kwenye basi walicheka chini chini. "Leo kiti kimechanganyikiwa." Walijua maana yake, na wengi wao walikuwa wanaelekea huko huko, ndiyo maana walicheka kwa haraka. Yeye alinisimulia tukio moja tu la kipindi kile. Sikukuu, amesimama jikoni anakaanga, wageni wamejaa, na damu ikaja bila hodi. Kama angesema, vyakula vyote vingemwagwa na kila mgeni angejua sababu. Alijifunga sweta kiunoni, akakaanga mpaka mwisho, watu wakala, wakasifu.

"Mie siamini mambo ya Ba," aliniambia. "Mtungi haujui mtu." Lakini kesho yake alimwaga achari ya embe ya mwaka mzima, akisema imeota ukungu. Derani aliyeiosha mitungi hakuona ukungu.

Kisha kiti kikatulia. Kilianza kugeuka kila wiki ya nne, Jumatatu, na kurudi Alhamisi asubuhi, bila kukosa. Mimi ndiye niliyekuwa nakipita kila siku, na kazi yangu ilikuwa kupanga miadi ya wanawake, kwa hiyo niliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa anayumba vile, hawezi kuwa sahihi namna ile ghafla. Hata msichana hawi sahihi namna ile.

Sikuwa na nia ya kuchunguza. Nilikwenda kurudisha bakuli lake siku ambayo kiti kilikuwa ukutani. Ba alikuwa amekwenda hekaluni. Derani alikuwa jikoni, mikono imejaa unga.

"Panda tu, dada. Wewe si Mhindu, wewe hapati shida. Mimi iko choka kupanda."

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi kidogo. Mama wa Nyusi alikuwa amelala chali kwenye mkeka, miguu ameiegemeza ukutani, redio ndogo inaimba chini chini. Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa, zinang'aa kwa mafuta ya nazi. Uso wote, shingo na mikono mpaka viwikoni, alikuwa amepaka unga wa dengu na mtindi, na ulikuwa umeanza kukauka na kufanya mistari. Kando yake palikuwa na kioo. Mwanamke aliye pembeni hapaki mafuta na hatazami kioo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nilielewa kabla hajafumbua macho.

Alipofumbua alivuta ncha ya sari, akajifunika uso wote pamoja na unga.

"Usinitazame."

"Samahani, Mama. Nimeleta bakuli."

"Funga mlango. Ingia, kisha funga mlango."

Niliketi sakafuni. Alizungumza akiwa amejifunika vile vile, na nguo ikimshika mdomoni kila alipovuta pumzi.

"Mie nimekatika damu, mwanangu. Mwaka wa tatu huu."

Akapapasa redio, akaizima.

"Ba anangoja mwanamke aliyekatika. Safi mwezi mzima. Akijua tu, nakabidhiwa ibada ya alfajiri na mapishi ya sikukuu zote, kila siku ya Mungu. Nitapumzika lini?"

"Si ungewaambia umechoka?"

"Niseme nini? Mwili wawaka, ngozi yaniwasha kama nimelalia siafu, usiku silali, nalia bila sababu? Watasema nimeingiwa na wazimu. Nikisema niko pembeni, hakuna anayeuliza. Siku tatu hizi ndizo ninazopumua. Nalala. Najipaka. Nikishuka Alhamisi naweza kustahimili watu."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. La damu, alisema, halimtii haya tena. Lilishakuwa la barabara nzima, hata dereva wa basi analijua. La uongo pia angeweza kulibeba. Kilichomuaibisha ni unga ule usoni.

"Mwanamke wa umri huu anajipaka, anataka nini? Anamtengenezea nani? Umeniona kama bibi harusi aliyepotea njia." Chini ya nguo alikuwa analia au anacheka. "Usiseme."

"Sisemi."

Nilipofika chini, Derani alikuwa amesimama mwanzo wa ngazi, ananyanyua pua.

"Dada, wewe sema kweli. Mwanamke wa pembeni hapaki mafuta. Kwa nini mimi nasikia nazi?"

"Ni mimi. Nimemchua mgongo. Unamuuma."

Aliitazama mikono yangu. Ilikuwa mikavu, ina wino wa kazini. Aliitazama muda mrefu kiasi cha mimi kuificha nyuma.

"Wewe kazi yako hospitali," alisema. "Mwanamke ile vitu naacha umri gani?"

"Kila mtu na mwili wake."

"Mimi napika watu kumi na moja, halafu nakwenda kiwanda. Mimi pia iko mwili."

Bangili ikagonga sakafu juu ya vichwa vyetu. "Chumvi!"

Derani alijifuta unga, akachukua kopo la chumvi, akapanda. Nilitoka nyumbani mle uso ukiniwaka moto, nikingoja kusikia ugomvi. Haukuja. Ba hakuambiwa. Mwezi uliofuata, Jumatatu, kiti kilikuwa ukutani, na mwezi uliofuata tena. Nilidhani Derani ameniamini.

Zamu yangu ya kukatika ilipofika, ilinifichua Ramadhani. Mwaka ule nilifunga zote, mwanzo mpaka mwisho, bila kukosa hata moja, na sikufikiri kama kuna mtu anahesabu. Siku ya Idi, nyumbani kwa wifi yangu Lewisham, watu wamekaa kwenye biriani, yeye akanisifu kwa sauti ya kufika jikoni: "Hongera, wifi! Mwaka huu hudaiwi hata siku. Umeshakuwa bibi!" Wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume wakatazama sahani zao. Binti yangu, ambaye husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, aliniuliza ndani ya gari kama ninaumwa. Nikamwambia hita imezidi.

Nilikwenda kwa Mama wa Nyusi wiki ile. Nilisema, "Nyusi tu." Alitinda, akagusa kidevu, akauliza, "Na huku?" Nikafumba macho. Alipomaliza hakuniacha niinuke. Aligeuza kiti ukutani mimi nikiwa ndani yake, mchana kweupe, siku isiyokuwa Jumatatu, akaleta bakuli la unga wa dengu na mtindi, akanipaka uso na shingo kwa vidole baridi, akanifunika macho kwa kitambaa kilicholowa maji ya waridi.

"Lala," alisema. "Wakipita watadhani ni mie."

Sikumbuki kama nililala. Nakumbuka kwamba hakuna aliyeniuliza kitu.

Ba alifariki. Mwanzoni nyumba ilijaa waombolezaji, kisha ikaanza kupungua: Derani na mumewe wakahamia mji wa Leicester, watoto wakaoa, vyumba vikapata nafasi. Desturi ya pembeni ilikwisha bila mtu kutangaza kwamba imekwisha. Kiti hakikugeuka tena. Mama wa Nyusi alitinda mwezi mzima, alipika mwezi mzima, alipokea wajukuu kutoka shule, alikaa na mume aliyeanza kusahau mambo. Mke wa mwanawe, msichana mwema aliyezaliwa hapa, alimwambia kwa Kiingereza apumzike wakati wowote anaotaka.

"Wakati wowote," Mama alinirudia maneno hayo akitikisa kichwa. "Ndio upi huo?"

Mimi nilistaafu, basi nikawa nalipanda mara moja moja tu. Miaka ikapita. Mumewe alifariki, nikaenda kumpa pole. Mume wa Derani naye alifariki kule Leicester, nikasikia kwa watu. Mwaka juzi nilikuwa ghorofa ya juu ya basi lile lile, nikatazama kushoto kwa mazoea, nikaona kiti kimegeukia ukuta.

Nilishuka kituo kilichofuata na kurudi kwa miguu, nikifikiria mazishi. Nilibisha hodi, nikasikia kandambili zikija polepole. Alifungua yeye mwenyewe. Alikuwa amepita miaka themanini, amejikunja, mkono mmoja umeshika mwiko.

"Umekuja kunizika? Ingia, utaniunguzia chapati."

Nilimfuata jikoni. Palikuwa na sinia juu ya meza, na juu yake sahani ya chuma, dali, mboga, chapati mbili, kachumbari. Alikuwa anapanga kwa uangalifu, akihamisha bakuli huku na huku. Magoti yake yalimfanya ashike meza kila baada ya hatua.

"Mama, kiti kimegeuka. Nani yuko pembeni?"

Alihamisha bakuli la mboga tena. Lakini mlango wa ngazi ulikuwa wazi, na harufu ya mafuta ya nazi ilikuwa inashuka.

"Derani," alisema mwishowe.

Nikaketi.

Alinieleza akinipa mgongo. Walikuwa Leicester, siku za msiba wa mume wa Derani, wawili wao tu jikoni wanaosha vyombo. Derani alisema, bila kuanza popote, kwamba ile harufu ya nazi aliijua siku ile ile. Aliijua hata kabla ya siku ile. Mikono ya yule rafiki yako wa hospitali, alisema, ilikuwa mikavu kama karatasi.

"Nikamuuliza, basi kwa nini hukumwambia Ba? Wajua alinijibu nini?" Alizima jiko. "Alisema, 'Mimi nangoja zamu yangu.' Alihesabu kwamba akifika umri ule atafanya kama mie. Atakaa, atajipaka, mie nitapika. Akavumilia, akinipandishia chumvi, kwa kuwa alidhani anajiwekea. Ulipofika umri wake, Ba hayupo. Pembeni hapana. Yuko Leicester, mwili wamuwaka, ngozi yamuwasha, anakwenda kiwandani usiku na akirudi anapika, na hapana mtu wa kumwambia kaa."

Alifuta mikono kwenye sari, mara mbili, ingawa ilikuwa mikavu.

"Alisema tu hivyo, kisha akaendelea kusuuza vikombe. Mie nilishika sinki, mwanangu. Nilitamani kuingia ndani ya lile tundu la maji."

Sasa kila mwezi mtoto wa Mama humfuata Derani kwa gari na kumleta. Kiti kinageuzwa. Derani anapanda chumba cha nyuma, anapewa mkeka wenye godoro, redio, mafuta, unga wa dengu na mtindi. Hashuki. Mke wa mwanawe alitaka kusaidia kupika, akakataliwa. Anadhani ni mambo ya uzee.

"Na wewe magoti hayo, Mama?"

"Yaache." Aliinua sinia, likatikisika, akalitua, akaliinua tena. Niliinuka kumpokea. Akaniondoa kwa kiwiko. "Ninyi mwalipa siku zenu. Mie nalipa zangu."

"Zimebaki nyingi?"

"Nyingi. Uliniambia hata miaka."

Alipanda. Nilimsikia akipumzika katikati ya ngazi, kisha sauti mbili kuukuu zikisemezana Kigujarati, kisha kandambili zikishuka moja moja. Aliporudi alikaa kwenye stuli akihema, mabaka ya mashavuni yamekolea. Hakuonekana mtu aliyetua mzigo. Alinitazama usoni kwa macho yake ya kazi.

"Nyusi zako zimekuwa msitu. Na huko kwingine pia. Njoo Alhamisi, leo siwezi."

Kabla sijajibu, juu ya vichwa vyetu bangili iligonga sakafu, mara mbili, kwa nguvu.

"Chumvi!"

Mama wa Nyusi aliinamisha uso. Joto lilimpanda kifuani na shingoni mpaka masikioni, kama zamani, ila miaka yake ya joto ilikuwa imepita siku nyingi. Hakusema kwamba hita imezidi. Akachukua kopo la chumvi, akashika ukingo wa ngazi, akaanza kupanda.